Uzi Mwekundu wa Magunia ya Mbegu

Siku mliyoniaga pale ghalani mlinipa nafasi ya kusema. Nikasimama, nikashukuru kwa keki, nikaketi. Baadaye wasichana wa meza ya viraka wakanifuata hadi langoni wakalalamika kwamba nimewanyima. Walitaka niwaambie nilivyoweza kushona magunia miaka yote ile na bado nikatengeneza vile vitambaa vyangu vya ukutani, ambavyo wengine wenu mmeviona kanisani, na wengine mmevikalia nyumbani kwangu mkidhani ni mito. Basi nimenunua daftari. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo nilipata kimoja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi habari za miaka ya hamsini, nilipokuwa mgeni, kwa sababu kosa langu kubwa nililifanya wakati huo, na lilitokana na jambo hilo hilo mnaloniuliza, yaani kutafuta muda.

Niliingia ghalani mwaka mmoja baada ya kuolewa. Mume wangu, Yakobo, alikuwa akigeuza njia za treni pale stesheni ya Nakuru, na tuliishi kwenye landi za reli, chumba kimoja katika mstari wa vyumba kumi na viwili, wote tukichota maji kwenye bomba moja. Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni langu la kanisani, la buluu, nikidhani kazi ya ghala ni ya kukaa kitini na kuhesabu. Nikapewa gunia lililokatwa matundu matatu, la kichwa na mikono, nikaambiwa nilivae juu. Kufika saa nne, gauni na gunia vilikuwa rangi moja, na nilikuwa nakohoa vumbi la ngano ya watu nisiowajua.

Aliyenipokea ni Mama Njeri, Mkikuyu mrefu, mkimya, aliyekuwa ameshona magunia tangu kabla ya vita vya Wazungu. Alinisimamisha mlangoni, akanyanyua gunia tupu likielekea kwenye mwanga, akaniuliza naona nini. Nikasema naona gunia. Akaniambia niangalie tena mpaka nione kitu kingine. Ndivyo nilivyojifunza kusoma matundu. Tundu la ndoana ya mpagazi ni dogo, nyuzi zake zimekatika kwa mpigo na kuelekea ndani. Tundu la panya lina kingo zilizotafunwa, na mara nyingi liko karibu na kitako. La tatu ni tundu la uzee, ambalo halina dawa. Gunia hilo unalifanya viraka vya mengine. Kiraka hushonwa kwa ndani, kisije kikanaswa na ndoana, na kati ya mshono na mshono unaacha upana wa kidole. Shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kila mtu alikuwa na yake, na kuazima shazia ya mwenzako kulikuwa kama kuazima kijiko kikiwa mdomoni mwake. Ya Mama Njeri ilikuwa imenolewa miaka mingi hata ikabaki nusu. Uzi wa katani tuliupitisha kwenye nta kwanza, ili usikwaruze viganja.

Kuhusu saa alikuwa mkali kuliko nyapara. Kengele ikilia asubuhi, mikono yako ni ya kampuni. Ikilia saa sita, ni yako mpaka saa saba, na hakuna wa kukuuliza hata ukilala juu ya marobota. Wanawake wengi walilala. Mimi nililala wiki mbili hivi, kisha nikaanza kushona.

Nyumbani kwetu Maragoli mama yangu alisuka vikapu, na nadhani vidole vyangu vilizoea kuwa na kitu. Nilichukua vipande vya yale magunia ya uzee, vilivyokuwa vikitupwa, nikaanza kushonea picha juu yake. Blanketi zilizochakaa nilipewa na majirani. Yakobo aliniletea sili, vile vifungo vya risasi vilivyokatwa kwenye milango ya mabehewa, na vifuniko vya soda alivyoviweka juu ya reli vikapondwa na treni vikawa bapa kama sarafu. Aliniambia treni nzima ya mizigo imefanya kazi kwangu bure. Nilitumia pia manyoya ya kuku na mabua ya pareto. Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni rangi nyekundu. Uzi mwekundu wa dukani ulichuja rangi ukipata maji kidogo tu, ukaacha kila kitu kama kimetoka vitani.

Pale ghalani tulikuwa na uzi mwekundu usiochuja. Lakini ulikuwa na kazi yake, na hapa naomba vijana msome polepole. Ngano ya mbegu ilipakwa dawa ya unga, ya rangi ya waridi, ili isiote na ugonjwa wa masuke meusi. Dawa ile ni sumu. Kila gunia la mbegu hiyo lilishonewa kwenye pembe ya chini msalaba wa uzi mwekundu. Magunia matupu yaliporudi kutoka mashambani yalichanganyika yote, na sisi tuliangalia pembe. Lenye msalaba lilikwenda kwenye kona ya moto, ambayo ilikuwa chini ya Mama Njeri, likachomwa Jumamosi alasiri. Lisilo na msalaba lilikung'utwa, likatiwa viraka, likajazwa mahindi ya posho ya wafanyakazi wa mashamba. Tofauti ya sumu na chakula ilikuwa ule msalaba tu, kwa sababu ukishakung'uta, rangi ya dawa huioni tena kwa urahisi.

Nilimwomba Mama Njeri misalaba ile, maana ilikuwa inaungua bure. Alifikiri siku tatu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nitafumua msalaba moto ukiwa umeshawaka, gunia likiwa njiani kuingia, na si kabla ya hapo. Nikafanya hivyo miezi kadhaa. Nilibaki Jumamosi, nikafumua, nikatupia gunia motoni, nikaenda nyumbani na uzi wangu nimeuviringa kwenye kidole.

Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, nilikuwa na wazo la kitambaa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kushona. Ilikuwa foleni ya bomba letu la landi, wanawake wamesimama na madebe, kila mmoja na kitambaa chekundu kichwani. Msalaba mmoja ulitosha kitambaa kimoja cha kichwa. Lakini mvua ilinyesha Jumamosi ya kwanza, tusiweze kuchoma. Ikanyesha ya pili. Nilikaa pale chini ya bati nikingoja moto usiowaka, huku nyumbani nguo hazijafuliwa na Yakobo anaingia zamu ya jioni bila kula. Jumatatu yake, saa ya chakula, Mama Njeri alikuwa amelala. Nilikwenda kwenye kona ya moto nikafumua misalaba miwili. Nilijiambia magunia haya hayaendi popote, yatachomwa tu, na saa ya chakula ni yangu. Kesho yake nikafumua minne. Baada ya wiki mbili, mvua ikiwa bado haijaturuhusu kuchoma, nilikuwa nimemaliza lundo lote, na foleni yangu ilikuwa ukutani juu ya kitanda, nzuri mno. Nilijivunia sana, wala sioni haya kulisema.

Inabidi niseme pia nyakati zilivyokuwa. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikimshuku kila Mkikuyu kuwa mwasi. Wakikuyu wengi walikuwa wameshaondolewa mashambani na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa. Mama Njeri alibaki kwa kibali kilichotiwa sahihi na meneja, na alikibeba kwenye kopo dogo la dawa alilolivaa kifuani kwa kamba. Jumapili hakuruhusiwa kutoka nje ya vyumba walivyowekwa Wakikuyu waliobaki.

Na ilikuwa Jumapili ambapo mahindi yalifika kwa treni kutoka Kitale, mabehewa mengi kwa mpigo, magunia yamelowa na kuanza kuoza. Ilibidi yamwagwe na kujazwa upya siku hiyo hiyo. Magunia makavu yakapungua. Nyapara wetu, Arap Koros, aliita vibarua, nao wakatafuta magunia kila mahali. Kwenye kona ya moto wakakuta lundo. Waliangalia pembe, kama walivyoambiwa. Hapakuwa na msalaba hata mmoja. Wakayakung'uta, wakayajaza mahindi.

Jumatatu nilipoingia nikaona kona ni tupu na hakuna jivu. Nilifikiri wameyahamisha. Niliketi, nikaanza kazi. Kama saa tatu hivi Arap Koros alikuja na gunia moja alilolimwaga, amelipindua ndani nje, na kwenye mshono wake kulikuwa na mstari mwembamba wa waridi. Bwana meneja alikuwa nyuma yake. Tulimwita Bwana Firimbi, kwa sababu aliivaa firimbi shingoni na kuipuliza hata kuita chai.

Arap Koros hakumkaripia Mama Njeri. Ni mtu aliyezungumza kwa sauti ya chini, na hapo ilishuka zaidi.

"Mama Njeri, hii magunia ilikuwa kwa kona yako. Msalaba iko wapi?"

"Niliweka hapo ikiwa na msalaba," alisema. "Mimi sijatoa."

Bwana Firimbi akauliza ni nani basi, akamtazama yeye, na kisha akamwambia karani apige simu polisi. Kila mtu mezani alielewa. Mkikuyu, sumu, na posho ya wafanyakazi. Mwaka ule hayo matatu yakikaa pamoja hayakuhitaji shahidi.

Nataka niandike ukweli hapa, ingawa wengi waliokuwepo wameshakufa na hakuna wa kunisuta. Sikusimama mara moja. Nilikuwa na gunia magotini, nusu ya kiraka, nikaendelea kushona mpaka nikakimaliza, nikafunga fundo, nikakata uzi. Muda wote huo nilimwona Mama Njeri anavyoshika lile kopo kifuani kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, naogopa polisi, naogopa Yakobo kuondolewa landi kwa ajili yangu. Kisha nikasimama.

"Bwana, ni mimi nilitoa," nilisema. "Nilikuwa nashonea picha."

Hakuelewa. Arap Koros akamweleza kwa niaba yangu, na hata yeye alisimama katikati ya maelezo kunitazama kama anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa. Bwana Firimbi aliuliza jambo moja tu la maana.

"Gunia ngapi?"

Sikujua. Hakuna aliyejua, magunia ya kuchomwa hayakuandikwa popote. Ghala zima lilikuwa na mahindi mapya, mamia ya magunia yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na bila idadi tusingejua wakati wa kuacha kutafuta. Ndipo nilipokumbuka kwamba idadi iko ukutani kwangu, kilemba kimoja kwa kila gunia. Arap Koros akanisindikiza landi. Nilipanda kitandani na viatu, nikang'oa misumari, tukarudi na kitambaa nimekikunja chini ya kwapa.

Tulikitandaza juu ya mizani kubwa. Wenzangu wote walikuja kukitazama, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukionyesha ghalani. Sikuwa nimepanga kukionyesha namna hiyo. Arap Koros akahesabu wanawake kwa penseli, akimgusa kila mmoja kichwani. Ishirini na watatu. Mama Njeri alisimama pembeni, akaitazama foleni ile muda mrefu.

Tukaanza kazi. Dawa ilikuwa imekung'utwa, lakini uzi ukifumuliwa huacha matundu ya sindano, mistari miwili inayokatana, na hayo ndiyo tuliyoyatafuta. Wapagazi walishusha magunia, sisi tukazisoma pembe moja moja kwenye mwanga wa mlango. Mama Njeri aliyapata tisa peke yake. Hakuna aliyekula mchana. Kufika saa kumi na nusu tulikuwa tumeweka kando ishirini na tatu, mahindi yake yakafungiwa, na Bwana Firimbi akapuliza firimbi. Watu walianza kucheka kidogo, kama mtu anavyocheka akiisha kuvuka barabara vibaya. Nikaanza kukunja kitambaa changu.

Mkono wangu ukapita juu ya Dorika. Dorika alikuwa jirani yetu wa chumba cha nane, mama mnene, mkarimu, na kilemba chake kilikuwa kikubwa kuliko vya wote. Nikakumbuka nilivyolalamika nikimshona. Msalaba mmoja haukumtosha.

Naomba mnielewe. Shughuli ilikuwa imekwisha. Kila mtu alitaka kwenda nyumbani, nami nilikuwa nimeshakiri mara moja siku hiyo, na kukiri kwa pili ni kugumu kuliko kwa kwanza kwa sababu watu wameshaanza kukusamehe.

"Bwana, bado moja," nilisema.

"Wewe nasema ishirini na tatu," akajibu.

"Wanawake ni ishirini na watatu. Magunia ni ishirini na nne."

Nikamfumua Dorika mbele yao. Uzi ulitoka, na katikati yake palikuwa na fundo, vipande viwili vimeungwa. Tukarudi kwenye magunia tukaangalia yote tena, mpaka giza likaingia, hatukulipata. Karani akafungua kitabu cha malori. Asubuhi ile, kabla Arap Koros hajaona ule mstari wa waridi, lori lilikuwa limetoka na magunia arobaini ya posho kwenda shamba moja upande wa Kuresoi. Wakapiga simu stesheni ya Molo, na kutoka huko mtu akatumwa kwa baiskeli.

Jibu lilikuja kesho yake saa tano. Gunia lilikuwa limeshabebwa hadi kwenye mashine ya kusaga, la tatu kwenye mstari. Walikuwa wanasaga la pili. Karani alipolisoma jibu hilo nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia, na sikujali nani ananiona.

Magunia yalichomwa siku hiyo, mvua au hakuna mvua, kwa mafuta ya taa. Bwana Firimbi alisema kitambaa nacho kiingie, kwa kuwa uzi wake ni wa sumu, na alikuwa na haki. Nilikitia mwenyewe. Sili za risasi ziliyeyuka. Vifuniko vya soda vilibaki jivuni, na Arap Koros akavifagia bila kunitazama.

Sikufukuzwa. Nilikaa nyumbani wiki tatu, na niliporudi niliwekwa kwenye kukung'uta badala ya meza ya viraka. Tangu hapo alama ya mbegu ikawa ya rangi, doa kubwa lililopakwa pande zote mbili, kama mnavyoijua. Lakini mwenye kulipa zaidi hakuwa mimi. Ile simu ya polisi ilikuwa imeshapigwa. Walikuja, na ingawa niliwaeleza yote, walichukua kibali cha Mama Njeri wakakaa nacho siku mbili, na baada ya kukirudisha wakamtaka aripoti kituoni kila Ijumaa. Kwa karibu mwaka mzima nilimwona akitoka kila Ijumaa saa tisa na kopo lake kifuani. Hilo halikuondoka moyoni mwangu, na sitaki liondoke.

Hakunisemesha. Niliomba msamaha mara mbili, akaitikia kwa kichwa akaendelea na kazi. Ulipita mwezi. Siku moja aliacha shazia yake akanijia kule kwenye vumbi.

"Rispa. Huo uzi, ukiutia kwa sindano, ulikuwa unalamba?"

Nikasema ndiyo. Kila mtu hulamba uzi. Hata sikuwa nimelifikiria. Akaniambia nifungue mdomo, akanitazama ufizi kama anayenunua ng'ombe, akarudi mahali pake. Kesho yake alinipa chupa ya maziwa, nikanywa mbele yake. Alileta chupa hiyo kila siku, wiki sita. Kama maziwa yanafaa kwa sumu ile sijui. Daktari mmoja baadaye aliniambia hapana. Mimi niko hai na meno yangu mengi yapo.

Nilirudishwa meza ya viraka mwaka huo ukielekea kwisha. Saa ya chakula niliketi mikono mitupu. Nilikuwa nimeapa kwamba sitashona tena kitu kisicho cha kazi, na Yakobo alikuwa ameacha kuniletea sili. Mama Njeri hakulala mchana ule. Alinitazama huku akila kiazi chake chote, ndipo akasema saa yangu inaenda bure. Nikamwambia nimeacha.

"Ile foleni niliiangalia vizuri," alisema. "Uliweka Dorika. Uliweka mpaka yule mama wa kuuza samaki. Mimi hukuniweka."

Nikamjibu kwamba yeye hakuchota maji kwenye bomba letu.

"Sijakuuliza nachota maji wapi."

Akavuta kipande cha gunia la uzee alichokuwa amekikalia. Kingo zake alikuwa ameshazikunja na kuzishona kwa uzi mweusi, kwa mishono yake midogo iliyolingana. Akakiweka magotini mwangu na shazia yake juu, ile iliyobaki nusu, ambayo hakuwahi kumwazima mtu.

"Anza na mimi," alisema.

Kisha akafunga kilemba chake upya, akakaa wima juu ya robota, akatazama mbele kama mtu aliye kwa mpiga picha, na hakusogea mpaka kengele ya saa saba.